Mshale Uliorudi kwa Kajiru

Programu ilipozima mara ya nne, Namsifu Mrutu hakushtuka wala hakulaani. Alivuta kiti, akakunja mikono ya koti lake jeupe, akaiambia mashine, "Haya, tuonane." Mwanamke huyu alikuwa na kiburi cha kazi na hakukificha. Alikwishahamisha watu mia tatu na kumi na wawili kutoka kibweta cha zamani kwenda kipya, na hakuna hata mmoja aliyempotelea njiani. Mzee Kajiru Mmbaga angekuwa wa mia tatu na kumi na tatu. Saa ya ukutani ilisema saa nne na robo asubuhi.

Mzee mwenyewe alikuwa amelala kitandani upande wa pili wa kioo, waya mwembamba wa kijani ukitoka chini ya mfupa wa mtulinga wake kuja kwenye mashine. Ana miaka themanini na minne. Pale chini ya ngozi ndipo kilipokaa kibweta chake, kidude cha chuma kisichozidi kiberiti, ambacho kilimkumbusha yote ambayo ugonjwa wa usahaulifu ulikuwa umeyala. Kibweta kilijua jina la marehemu mkewe, njia ya kwenda shambani, na jirani yupi hasemeshani naye na ugomvi wenyewe ulianzia wapi. Amekuwa nacho miaka kumi na miwili. Sasa betri yake, ambayo haibadilishwi, ilikuwa imebakiza saa tano kamili. Ikizima kabla yaliyomo hayajahamishwa, Mzee Kajiru angebaki mtu wa leo tu, na kesho leo nyingine, mpaka siku zake ziishe.

Kituo chenyewe kilikuwa juu kidogo ya mji wa Same, katika jengo ambalo zamani lilikuwa ghala la mkonge. Mkuu wake, Daktari Byabato, Mhaya mrefu mwenye sauti ya taratibu, aliingia akiwa ameshika kikombe cha kahawa alichosahau kukinywa.

"Imezima tena, Injinia?"

"Imezima."

"Palepale?"

"Palepale, Daktari. Na hilo ndilo linalonifurahisha. Kosa linalohamahama ndilo la kuogopa. Hili limekaa mahali pamoja linanisubiri."

"Mzee naye anasubiri."

"Najua. Nipe nafasi."

Daktari alimwangalia mgonjwa kupitia kioo, akatikisa kichwa, akatoka. Namsifu akageukia maandishi yake. Nayo yalikuwa yake kweli, mstari kwa mstari. Programu ile, waliyoiita Mfungashaji, aliiandika mwenyewe miaka sita nyuma kwa lugha ya C, lugha kongwe kuliko bibi yake mzaa bibi, kwa sababu vibweta vidogo namna ile havina nafasi ya lugha za kisasa zenye mbwembwe.

Kazi ya Mfungashaji ni kama ya kuhama nyumba. Ndani ya kibweta, kumbukumbu za mtu hazikukaa kwenye mstari. Zimo kwenye masanduku yaliyotapakaa huku na huko, na kila sanduku lina mishale inayoonyesha yalipo mengine. Fungua sanduku la harusi, utakuta mshale wa bibi harusi. Ufuate, utakuta sanduku lake, na ndani yake mshale wa kijiji chao. Lakini waya wa kijani haujui masanduku wala mishale. Waya unapitisha kitu kimoja nyuma ya kingine, kama maji kwenye bomba. Kwa hiyo Mfungashaji anafungua sanduku, anafuata kila mshale uliomo, anayaweka yote kwenye mstari mmoja mrefu, na upande wa pili mwenzake anayapanga upya. Anapoingia ndani zaidi huweka kikaratasi juu ya rundo ili asisahau kurudi alikotoka. Rundo hilo lina dari yake. Likigonga dari, mashine haibembelezi mtu, inazima.

Na ndivyo ilivyokuwa ikifanya.

Kwanza Namsifu alishuku mshale mtupu, ule usioonyesha popote, maana huo ndio unaoangusha programu nyingi za C tangu dunia iijue lugha hiyo. Akaweka ulinzi kila mahali: kama mshale ni mtupu, usiufuate. Akaendesha tena. Ikazima. Akashuku sanduku lililobomoka kwa uzee wa kibweta, akapima yote elfu tisini na sita na mia moja kumi na manne. Yote mazima. Ikazima tena. Hapo saa sita kasorobo ilikuwa imefika, na kile kiburi cha asubuhi kikaanza kumpungua. Alikuwa amemwambia mzee kwa kinywa chake kwamba ni kazi ya nusu saa.

"Acha ujuaji," alijiambia. "Uliza mashine inaona nini."

Akaongeza mstari mmoja tu: kila sanduku linalofunguliwa, liandike jina lake na anwani yake kwenye kioo cha mashine. Sheria ya vibweta haimruhusu injinia kusoma yaliyomo ndani ya kumbukumbu ya mtu, lakini jina la juu ya sanduku na anwani ni halali yake. Akabonyeza. Majina yakaanza kumiminika, ya watu, ya mitaa, ya ng'ombe, ya nyimbo za kwaya. Kisha yakaacha kubadilika.

Senkondo, 4c0. Kajiru, 910. Senkondo, 4c0. Kajiru, 910. Senkondo, 4c0. Kajiru, 910.

Akaacha yaendelee mpaka programu ilipozima katika ngazi ya elfu themanini na saba. Hakukuwa na sanduku lililobomoka. Mfungashaji alikuwa anazunguka baina ya masanduku mawili, kila mara akidhani ameingia ndani zaidi, kila mara akiweka kikaratasi kingine juu ya rundo. Na mishale yote miwili ilikuwa na jina moja. Mshale wa baba. Baba wa Kajiru ni Senkondo, na baba wa Senkondo ni Kajiru.

"Haiwezekani," alisema Namsifu, kisha akainuka akaenda barazani.

*

Barazani alikaa mwanamume mmoja wa miaka hamsini na miwili, mikono mipana, ovaroli ya kijani, ananukia mkonge mbichi kiasi kwamba benchi zima lilikuwa lake peke yake. Alikuwa fundi wa mashine za kuchakata mkonge, na ndiye aliyemleta mzee alfajiri. Aliposikia mlango alisimama.

"Samahani, kaka," alisema Namsifu. "Senkondo ni nani?"

"Ni mimi."

"Wewe ni mtoto wa Mzee Kajiru?"

"Wa kwanza."

"Na baba yake mzee aliitwa nani?"

"Senkondo vilevile. Nimerithi jina lake. Alifariki kabla sijazaliwa."

Namsifu aliegemea fremu ya mlango. Alikuwa ameanza kuelewa, na alichokuwa akikielewa hakikumpendeza. "Niambie kitu kimoja. Nyumbani, mzee anakuitaje?"

Senkondo alimwangalia kama mtu aliyeulizwa kama huvaa viatu miguuni. "Ananiita baba. Angeniitaje?"

Angeniitaje, kweli. Namsifu alicheka, tena kwa sauti, mpaka muuguzi akachungulia dirishani. Mwenyewe alipewa jina la mama mzaa baba yake, na siku zote za maisha yake baba yake amemwita mama. Mama, umerudi shule? Mama, chakula tayari? Asubuhi ileile baba yake alikuwa amempigia simu, akamwuliza mama anaendeleaje na kazi. Alikua ndani ya desturi hiyo, akaila na kuilalia. Halafu akaenda chuo, akajifunza kwamba ukoo ni mti, kwamba mshale wa baba unapanda juu daima na hauteremki, akarudi Upare akaandika programu ya kubebea kumbukumbu za Wapare kana kwamba hajawahi kuishi nao.

Alirudi kwenye meza, akautafuta mstari wa programu unaofuata mshale wa baba, akaukuta. Maelezo yake mwenyewe, ya miaka sita iliyopita, yenye kujiamini kama yeye: *Mtu hawezi kuwa baba wa baba yake. Hakuna haja ya kukagua.*

Kibweta hakikukosea. Kibweta hujifunza kwa kumsikiliza mwenyewe. Miaka kumi na miwili kilimsikia mzee akisimulia habari za Senkondo baba yake, na kilimsikia akimwita mtu aliye mbele yake kwa jina lilelile na cheo kilekile. Kikawaweka ndani ya sanduku moja. Kwa watu mia tatu na kumi na wawili waliotangulia jambo hilo halikutokea, kwa sababu masanduku yao yalibaki mawili. Kwa Kajiru yaliungana. Alikuwa ameita sana.

*

Walikaa watatu ofisini kwa Daktari Byabato. Saa sita na nusu. Namsifu alieleza kwa ufupi, akataja kosa ni la nani, hakuzunguka.

"Una njia ngapi?" aliuliza Daktari.

"Mbili. Ya kwanza, nikate mshale mmoja. Baba wa Kajiru asiwe huyu tena. Mzunguko unakatika, Mfungashaji anapita, dakika tatu. Ya pili, nimrekebishe Mfungashaji. Awe anaweka alama kila sanduku analolifungua, kama watoto wa chanjo wanavyotiwa wino kidoleni. Akilikuta tena lenye wino, asiingie. Aandike tu namba yake na kupita. Hapo mzunguko unahama kama ulivyo."

"Muda?"

"Saa mbili. Pengine kidogo pungufu."

"Na betri ina saa mbili na dakika arobaini na tano." Byabato aliweka kikombe chini. "Injinia, mimi sibishani na ufundi wako. Lakini nina mgonjwa mmoja na betri moja. Ukichelewa, nampoteza mtu mzima kwa ajili ya mshale. Mimi nasema kata."

"Kateni," alisema Senkondo.

Wote wawili walimgeukia. Alikuwa akiitazama mikono yake.

"Fomu iko wapi? Si mimi ndiye ndugu wa karibu? Nitatia sahihi."

"Kaka," alisema Namsifu, "subiri kwanza ujue kinachokatwa. Juu ya mshale ule yananing'inia masanduku elfu nne na mia mbili. Yatakosa pa kushika. Atakujua wewe ni nani, kibweta kitamwambia huyu ni mwanao. Lakini hayo elfu nne na mia mbili hatayaona tena."

"Yana nini ndani?"

"Siruhusiwi kufungua."

"Basi hata wewe hujui." Maneno yakamtoka Senkondo kama mtu aliyeyabeba siku nyingi. "Dada, tangu nizaliwe sijawahi kuwa mtoto wa mtu. Wadogo zangu wakivunja kikombe, wanachapwa. Mimi nikivunja, naambiwa pole, baba. Wao aliwabeba begani kwenda mnadani. Mimi alinipa mkono. Asubuhi alikuwa ananiamkia shikamoo, watu wanacheka, mimi na miaka sita naitikia marahaba. Wanadhani ni raha. Nimefanya kila kitu ambacho mtoto anafanya, nimemlisha, nimemwogesha, na kila siku anamshukuru baba yake. Nataka aniite mwanangu. Hata mara moja kabla hajafa. Kama mshale ndio unaozuia, kateni."

Byabato alifungua droo, akatoa fomu, akaisukuma taratibu mezani. Senkondo akatia sahihi kwa herufi kubwa.

Namsifu aliitazama fomu ile. Ilikuwa halali, na ombi lililokuwa ndani yake halikuwa la mtu mbaya. Kwa dakika tatu angekuwa amemaliza, jina lake safi, mia tatu na kumi na tatu. Na angekuwa amemgeuza mzee wa watu afanane na programu yake, kwa kuwa kumgeuza mzee ni rahisi kuliko kuigeuza programu.

"Nitakata," alisema. "Lakini nitakata saa nane na nusu, si sasa. Mpaka hapo naandika njia ya pili. Ikifika saa nane na nusu sijamaliza, mkasi huu hapa, nakata kwa mkono wangu. Daktari, hapo unakuwa na dakika arobaini na tano za akiba. Hupotezi mtu."

Byabato alipiga hesabu kimoyomoyo. "Sawa."

"Na wewe, kaka, nenda ukae naye. Kibweta kimesimamishwa tangu asubuhi, hakiandiki wala hakimkumbushi. Utamkuta na kile tu kilichobaki kichwani mwake. Kama ni huo mshale unaokuzuia, basi leo haupo. Mwulize mwenyewe."

*

Namsifu aliandika. Vidole vyake vilijua njia. Akatengeneza daftari la anwani, sanduku na namba yake, akamwelekeza Mfungashaji alitazame kabla ya kufungua chochote. Spika ndogo juu ya kioo ilikuwa wazi, kama kanuni inavyotaka mgonjwa anapokuwa na mgeni, na sauti za chumba cha pili zilimfikia huku akichapa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye daktari?"

"Hapana. Mimi ni mwanao."

"Kumbe nina mtoto." Mzee alisema kwa adabu, kama mtu aliyeambiwa habari njema za jirani. "Hongera kwangu. Anaitwa nani?"

"Senkondo."

"Hapo umechanganya, bwana. Senkondo ni baba yangu."

Kitanda kililia. Namsifu aliinua macho mara moja, akamwona Senkondo ameinama, viwiko magotini.

"Baba yako alishafariki, mzee. Zamani sana."

"Alifariki lini? Si juzi tu alinibeba?" Mzee alijipapasa mguu wa kushoto. "Nilianguka kule korongoni, huu mguu ukavunjika. Mvua inanyesha, maji yanakuja, nikasema basi, mwisho wangu ni hapa. Akashuka. Akanitia mgongoni. Nikamwambia niache, utavunjika mgongo. Akaniambia nyamaza. Akanipandisha mpaka barabarani, pumzi inamwishia, hataki kupumzika."

Senkondo aliinua kichwa.

"Shati lake lilinuka mkonge," aliendelea mzee. "Mkonge mbichi, unajua ule unavyonuka? Nikalaza kichwa hapa, begani. Nikasinzia kama mtoto." Akanusa hewa, akamtazama mgeni kwa mashaka kidogo. "Kama wewe unavyonuka."

Vidole vya Namsifu vilikuwa vimesimama. Alivilazimisha kuendelea.

"Ulikuwa mzito, mzee," alisema Senkondo.

"Baba hakulalamika."

Babu yake Senkondo, aliyezikwa kabla mjukuu hajazaliwa, alikuwa mwalimu wa shule na hakuwahi kushika mkonge maishani mwake. Ajali ile ya korongoni ilikuwa ya miaka tisa iliyopita. Namsifu alikuja kuyajua hayo baadaye kidogo, Senkondo alipofungua mlango wa chumba cha mashine akasimama hapo, macho mekundu, akamwambia yote kwa sentensi tatu. Kisha akasema, "Dada, usikate."

"Hiyo fomu ina sahihi yako."

"Nileteeni."

"Andika umeghairi, tia sahihi tena, na tarehe. Daktari hataniachia kwa maneno matupu."

Akaandika. *Nimeghairi. Ahamishwe kama alivyo.* Akatia sahihi kwa herufi kubwa zilezile. Byabato alisoma, akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, akaiweka fomu mfukoni.

"Saa nane na robo," alisema. "Mimi bado nina wasiwasi."

"Mimi sina," alisema Namsifu, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alikuwa anasema kweli.

*

Mfungashaji alipita. Masanduku elfu tisini na sita na mia moja kumi na manne yaliingia kwenye mstari bila rundo kugonga dari. Senkondo alifungwa mara moja, Kajiru alifungwa mara moja, na mahali ambapo programu ilikuwa inazama sasa palikuwa na namba mbili tu. Byabato alishusha pumzi.

Kisha upande wa pili ukazima.

"Nini tena?" Daktari alikuwa amesimama.

Namsifu alisoma kioo, midomo ikicheza. Aliona baada ya nusu dakika, na kuona huko kulimpa raha iliyompendeza kuliko kifungua kinywa. "Mpokeaji anasoma Kajiru. Ndani ya Kajiru anakuta, baba yake ni sanduku namba kumi na saba. Anakwenda kulitafuta namba kumi na saba. Halijafika bado, liko nyuma kwenye foleni. Anashika hewa, anaanguka."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ajenge kwanza masanduku yote matupu, yakae tayari kwenye rafu. Mishale aifunge mwisho. Watu wote wawepo chumbani ndipo tuseme nani ni nani wa nani."

"Dakika ngapi?"

"Ishirini."

Zilikuwa ishirini na sita. Saa nane na nusu ilipita na hakuna aliyeitaja. Fomu ilikuwa mfukoni mwa Byabato, naye hakuitoa. Saa nane na dakika arobaini na sita Namsifu alibonyeza kwa mara ya mwisho, betri ya zamani ikiwa na dakika ishirini na tisa, na uhamishaji wenyewe ulihitaji kumi na moja. Walikaa wakitazama namba zikipanda. Yalitoka masanduku elfu tisini na sita na mia moja kumi na manne. Yakaingia elfu tisini na sita na mia moja kumi na manne. Mishale ikahesabiwa, sawasawa. Namsifu akaufuata mmoja kwa kidole kwenye kioo, kutoka Kajiru kwenda kwa Senkondo, kutoka Senkondo kurudi kwa Kajiru.

"Yamefika," alisema.

Kabla ya kuwasha kibweta kipya alirudi kwenye ule mstari wa miaka sita. Aliufuta. Mahali pake akaandika, *Mtu anaweza kuwa baba wa baba yake. Kagua daima.* Akaweka jina lake chini, ili atakayekuja ajue wa kumlaumu.

*

Mzee Kajiru alifumbua macho saa tisa kamili. Aliangalia dari, akaangalia waya wa kijani ukitolewa, akamwangalia Namsifu kwa muda.

"Wewe ndiye Namsifu wa akina Mrutu," alisema. "Uliniambia nusu saa."

"Nisamehe, babu. Ulikuwa na mzigo."

"Mzigo gani? Mimi nilikuja na koti tu."

Byabato alicheka, akampima mapigo, akamwuliza jina la marehemu mkewe. Mzee akalitaja. Akamwuliza ugomvi wake na jirani ulianzia wapi. Mzee akaanza na mpaka wa shamba, akaingia kwenye mbuzi, ikabidi asimamishwe. Hapo ndipo alipogeuza kichwa upande wa mlango, akamwona mwenye ovaroli ya kijani, na uso wote ukafunguka.

"Baba," alisema. "Umekaa hapo tangu asubuhi? Umekula?"

Namsifu alimtazama Senkondo. Kwa miaka hamsini na miwili jibu la swali hilo lilikuwa moja, nimekula, baba, na hata sasa lilikuwa limefika mdomoni. Alilimeza. Alisogea mpaka kitandani, akasimama wima mbele ya mzee.

"Nimekula, mwanangu," alisema.

Mzee Kajiru alimtazama usoni, akamtazama mikono, na ndani ya kile kibweta kipya masanduku elfu nne na mia mbili yalikuwa mahali pake, hakuna aliyeyafungua ila mwenyewe. Akanyoosha mkono, akavuta koti lake.

"Haya," alisema. "Basi twende nyumbani. Ila huu mguu unaniuma."

Kiti cha magurudumu kilikuwa pale, futi mbili kutoka kitandani. Senkondo hakukigusa. Aligeuka, akachuchumaa, akampa mgongo.